Fahamu: Kwa nini Lubarika inahitaji watoa damu waliojiandikisha

Kupandikiza figo kunahitaji hospitali kubwa yenye mabingwa. Hospitali ya Muhimbili, kule Dar es Salaam, ilianza kazi hiyo Novemba 2017. Kwa mkazi wa Lubarika, hapa Bonde la Ruzizi, kitu anachoweza kumpa jirani hata wiki hii ni damu.

Wenye kuihitaji zaidi ni watoto. Malaria huharibu chembe nyekundu, na mtoto aliyekuwa akicheza juzi analetwa viganja vyeupe, anahema mbiombio. Dawa itaua vimelea, lakini damu iliyokwisha kupotea haiirudishi siku hiyohiyo. Kuna pia mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Yeye anaweza kufariki ndani ya saa chache.

Kuanza kumtafuta ndugu wa kundi linalolingana saa hiyo ni kuchelewa, tena usiku! Ndiyo maana orodha ya watu walio tayari, yenye kundi la damu na namba ya simu, ina thamani kubwa. Damu kwenye jokofu hukaa takriban siku 35 tu, hivyo kampeni ya Siku ya Wachangia Damu Duniani, tarehe 14 Juni, pekee haitoshi.

Mtoaji awe na miaka 18 au zaidi, kilo 50 na afya njema. Hutolewa takriban mililita 450, kisha damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Mjamzito, anayenyonyesha na aliyeugua malaria karibuni wangoje kwanza.