Kadi Tupu Haijulikani kwa Macho

Wajukuu zangu wa Katesh, Haydom na Dongobesh, leo nawasimulia habari ya tiketi. Februari 6, 2025 Simba walikuja Babati kucheza na Fountain Gate katika Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, mechi ikaisha 1-1. Kwa mtoto wa Hanang au Mbulu aliyezoea kuwaona Simba kwenye kibanda umiza, hilo halikuwa jambo dogo: timu imemfuata hadi mkoani kwake! Basi watu hufunga safari. Wa Katesh wanashika lami inayotoka Singida, wa Mbulu wanateremka milima. Ukifika uwanjani nauli imeshaliwa, wenzako wanaingia, na kurudi nyumbani bila kuiona mechi hutaki hata kufikiria. Anayeiwinda fedha yako anayajua hayo yote.

Wawindaji hao ni wawili, msiwachanganye. Wa kwanza ni mlanguzi. Huyu tiketi anayo, tena ya kweli. Alinunua nyingi mapema, akangoja ziadimike, sasa ya elfu tano anaiuza elfu kumi na tano. Anapata riziki hapo kwa sababu viti vina idadi na mashabiki hawana. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, huchukua watu 60,000 hivi, na bado siku kubwa wapo wanaobaki nje. Wa pili ni tapeli, na huyu hana chochote cha kukupa. Shida ni kwamba wakisimama getini huwezi kuwatofautisha. Wote wanakuita kaka au dada, na wote wana haraka.

Hebu niwaeleze kadi ya N-Card, ile inayotumika kuingilia Uwanja wa Mkapa, maana ukiielewa hiyo umeelewa mengi. Unaiwekea fedha kwa simu, unachagua mechi na jukwaa, unalipa, na malipo yako yanaandikwa kwenye mfumo. Kadi yenyewe haibadiliki rangi wala sura. Getini unaigusisha kwenye mashine, na mashine inauliza mfumo: kadi hii imelipiwa mechi ya leo? Imeshatumika? Mambo yakiwa sawa unapita, na tiketi hiyo kazi yake imekwisha.

Sasa mtu akikuuzia kadi nje ya geti, utajuaje kama imelipiwa? Kadi yenye tiketi na kadi tupu zinafanana kama punje za mahindi za gunzi moja. Atakuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, nawe utaamini. Lakini ujumbe huo huenda ameshawaonyesha watu kumi kabla yako, na mashine haiusomi. Utaujua ukweli ukishafika kwenye mashine, naye ameshapotelea kwenye umati.

Tapeli mwingine hata getini hafiki. Tuseme vijana wa kijiji wamechangishana fedha za Coaster na tiketi, halafu mweka hazina anapokea ujumbe: ile hela ya tiketi tuma kwenye namba hii. Asitume! Ampigie kwanza wakala wa tiketi kwa namba anayoijua yeye. Na kabla ya kuweka namba ya siri, asome jina linalotokea kwenye simu. Likiwa la mtu asiyemfahamu, asitishe malipo. Ni sekunde chache tu, lakini hapo ndipo fedha nyingi huokolewa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Machi 8, 2025 mechi ya Yanga na Simba iliahirishwa siku ileile ya mchezo, mashabiki wameshasafiri kutoka mikoani. Ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Siku kama hiyo, aliyenunua kwa wakala rasmi ana kumbukumbu ya malipo na anajua pa kuulizia. Aliyenunua kwa mlanguzi barabarani atamdai nani? Ndiyo maana mimi nasema hata mlanguzi mwenye tiketi ya kweli si wa kumtegemea.

Nunueni mapema, siku klabu mwenyeji inapotangaza vituo vyake vya kuuzia tiketi. Tiketi zikiisha, rudini kwenye kibanda umiza bila kinyongo. Mechi itaonekana.

Na ikitokea mmoja wenu ametapeliwa, asijifungie ndani kwa aibu. Wengi huficha kwa kuogopa kugombezwa, na tapeli anaendelea na mwingine. Mwambie mzazi, pigia mtandao wako wa simu mara moja, kisha tuma neno UTAPELI kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo, na ukiulizwa namba ya aliyekutapeli, itaje. Nanyi wazazi mnaosoma pamoja nao, mtoto akija kusema, msimpigie kelele kwanza. Chukueni simu mpige.