Ukadiriaji wa dhoruba za sumaku kutokana na upepo wa Jua

Ukadiriaji wa dhoruba za sumaku kutokana na upepo wa Jua ni njia ya kutabiri kiasi ambacho ugasumaku wa Dunia utavurugika, kwa kutumia vipimo vya vyombo vya angani vilivyo kati ya Dunia na Jua.

Vipimo

Upepo wa Jua ni mkondo wa protoni na elektroni unaotoka kwenye Jua, kwa kawaida kwa kasi ya kilomita 300 hadi 800 kwa sekunde. Vyombo vya ACE (kilichorushwa 1997) na DSCOVR (2015) vimeupima vikiwa takriban kilomita milioni 1.5 kutoka Dunia. Upepo wa kilomita 400 kwa sekunde huvuka umbali huo kwa saa moja hivi. Wa kilomita 800 kwa nusu saa. Muda wa tahadhari ni mfupi.

Jambo muhimu zaidi ni mwelekeo wa ugasumaku unaobebwa na upepo huo. Ukielekea kusini, kinyume na ule wa Dunia, hizo mbili huungana na nishati hupenya. Ukielekea kaskazini, hata upepo wenye kasi huleta athari ndogo.

Hesabu

Kasi huzidishwa kwa nguvu ya ugasumaku wa kusini. Kilomita 400 kwa sekunde na nanotesla 5 hutoa milivolti 2 kwa mita. Kilomita 800 na nanotesla 20 hutoa milivolti 16, yaani mara nane. Mwaka 1975 Burton, McPherron na Russell walitoa mlinganyo unaotumia kiasi hicho kukadiria fahirisi ya Dst. Unafanana na pipa linalovuja: nishati huingia, kisha hupungua polepole kwa saa kadhaa.

Dst hupatikana kutoka vituo vinne, kikiwemo Hermanus cha Afrika Kusini. Ikishuka chini ya nanotesla -100, dhoruba ni kali. Mnamo Mei 2024 ilishuka hadi karibu -400.

Afrika Mashariki

Kituo cha Addis Ababa, kilicho karibu na ikweta ya sumaku, kimepima ugasumaku tangu 1958. Tanzania iko kusini mwa ikweta hiyo, katika ukanda ambao ionosfia yake huwa na elektroni nyingi. Elektroni hizo huchelewesha mawimbi ya GPS, na dhoruba hubadilisha wingi wake. Hivyo mtu anayepima mipaka ya mashamba Ifakara au Masagati, katika Mkoa wa Morogoro, kwa kipokezi cha kawaida anaweza kupata kosa la mita kadhaa.

Hata hivyo, Dst ni wastani wa Dunia nzima. Haionyeshi hali ya ionosfia juu ya bonde la Kilombero. Kwa hilo vinahitajika vipokezi vilivyowekwa karibu.