Reli ya zamani

Katika Ufaransa, upande wa Ardèche, liko bonde la mto Eyrieux. Ni inchi ya milima mingi. Zamani gari la moshi lilipita pale na watu na mizigo. Mwaka 1968 likakoma.

Je, njia yake ikapotea bure? Sivyo. Baadaye watu waliitengeneza, wakamwaga changarawe na kuishindilia. Leo ni njia ya kinga, yenye kilometa 90 hivi. Yaitwa Dolce Via, maana yake «njia tamu».

Mtauliza: Mtu apandaje milima kwa kinga bila kuchoka upesi? Sababu ni hii. Gari la moshi ni zito, na magurudumu yake ya chuma huteleza juu ya reli. Haliwezi kupanda mwinuko mkali. Kwa hiyo wajenzi walikata mlima, wakajenga madaraja, wakatoboa miamba, ili njia ipande polepole. Tena motokari hazipiti, ila mahali pachache.

Wajenzi wale walikufa zamani. Lakini kazi yao njema yawafaa hata watoto wasiowajua.

Maulizo. — 1. Kwa nini gari la moshi haliwezi kupanda mwinuko mkali? 2. Wajenzi walifanya nini?