Nyanya Chungu Irudi Uani

Katika masoko mengi ya Tanzania, nyanya chungu hupangwa mafungu mafungu kando ya bamia na mchicha: nyeupe, za kijani zenye mistari, za duara na zenye umbo la yai. Wengine huziita ngogwe. Mnunuzi hutia fungu moja kikapuni kwa ajili ya dagaa wa jioni, na ni nadra kujiuliza kama mboga hiyo ingeota nyuma ya jikoni lake. Ingeota bila shida. Na iliyochumwa muda mfupi kabla ya kupikwa ina ladha ambayo iliyoshinda siku tatu kwenye gunia haina tena.

Mboga hii ni ndugu wa bilinganya, lakini asili zao ni tofauti. Bilinganya lilitoka Asia. Nyanya chungu, ambayo wataalamu huiita Solanum aethiopicum, ni zao la Afrika, lililotokana na mmea wa porini ambao bado unaota barani humu. Vizazi vya wakulima viliuchagua msimu baada ya msimu, kila jamii kwa mahitaji yake. Waganda walipata nakati, aina inayoliwa majani yake, huku Wanyarwanda wakila tunda, wanaloliita intoryi. Watu waliotekwa na kuuzwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki hawakufika peke yao. Mboga hii nayo ilifika Brazili, ambako leo inaitwa jiló. Katika Soko Kuu la Belo Horizonte hukaangwa pamoja na maini na vitunguu, na ni mlo unaoupa mji huo sifa.

Huku kwetu, kazi ya kuchagua na kusafisha mbegu imefanyika zaidi Arusha. Kituo cha Dunia cha Mboga kina ofisi huko tangu 1992, na kituo cha utafiti cha Tengeru kiko jirani. Wakulima wa Kaskazini wanazifahamu aina kama Tengeru White na DB3. Zote zina sifa moja ambayo mwenye bustani ndogo anapaswa kuithamini: mbegu zake zikihifadhiwa vizuri, watoto hufanana na mama. Mbegu chotara za dukani hazina uaminifu huo. Ukiziotesha tena msimu wa pili, kila mche huja na tabia yake.

Kuotesha huanzia kitaluni. Mbegu hufukiwa kidogo tu, kiasi cha sentimita moja, na udongo huwekwa unyevu bila kulowa chepechepe. Huchipua baada ya wiki moja hivi. Miche ikifikisha majani manne hadi sita, kwa kawaida baada ya wiki nne mpaka sita, huhamishiwa shimoni palipotiwa samadi iliyooza, jioni jua likishapungua makali. Nafasi ya sentimita 60 hadi 75 kati ya mche na mche inatosha. Asiye na ardhi atumie ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Mmea mmoja kwa ndoo.

Adui mkubwa amejificha udongoni. Mnyauko wa bakteria huulaza mmea wenye afya kwa siku chache, na hakuna dawa ya kuuponya. Kinga yake ni kutopanda nyanya chungu mahali palipotoka nyanya, pilipili, mnavu au viazi mviringo, kwa kuwa mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na huambukizana. Kisha kuna kiwavi anayetoboa tunda. Kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa ni yule yule wa Asia, hadi 2015 watafiti walipoonyesha kwamba Afrika ina spishi zake kadhaa. Kwa mwenye bustani, tiba ni ile ile: kuokota kila tunda lenye tundu na kuliharibu kabla kiwavi hajatoka.

Kuchuma ndiko wengi wanakokosea. Tunda huvunwa likiwa changa, ngozi iking'aa, kabla halijaanza kugeuka rangi. Likishakuwa la rangi ya machungwa au jekundu, mbegu zimekomaa na uchungu umezidi. Kuchuma mara kwa mara huuhimiza mmea kuzaa tena, na mmea uliochoka ukikatwa matawi na kutiwa samadi huchipua upya.

Jikoni, kosa la kawaida ni kuzipika mpaka ziwe uji. Zikatwe vikonyo, zipasuliwe vipande vinne, zilowekwe kwenye maji yenye chumvi ili zisigeuke rangi. Dagaa waliooshwa kwa maji ya moto wakaangwe na kitunguu na nyanya, vipande vitiwe juu, maji kidogo, sufuria ifunikwe. Tui la nazi huja mwishoni, moto ukiwa mdogo. Kipande kikibonyea kwa mwiko bila kupasuka, kimeiva. Kwa mlenda mambo ni kinyume: huchemshwa pamoja na bamia mpaka zilainike kabisa, kisha hupondwa. Waganda huzipika kwa mvuke juu ya matoke na kuzila na mchuzi wa karanga, njia inayofaa kuigwa na yeyote asiyependa mafuta.

Anayetaka aina yake iendelee achague mmea mmoja wenye nguvu mapema, aufunge uzi ili watoto wa nyumbani wasiuchume, na aache matunda mawili au matatu yawe mekundu mpaka yalainike. Nyuki huchanganya chavua, kwa hiyo mmea huo uwe mbali na aina nyingine. Mbegu hukamuliwa, huoshwa, hukaushwa kivulini juu ya sahani na si juu ya karatasi inayogandana nazo, kisha huwekwa kwenye chupa kavu yenye mfuniko, ikiandikwa jina na mwaka. Tunda moja hutoa mbegu nyingi kupita mahitaji ya familia. Zinazobaki mpe jirani, na umwombe naye akupe za kwake.