Utakatifu, Malimwengu na Utumwa wa Sheria: Mfano wa Nakaloke na Mbale, Mashariki mwa Uganda

Utumwa wa sheria ni dhana inayotumika kwa wepesi mno katika mijadala ya dini na maendeleo. Kitheolojia humaanisha kutafuta kibali cha Mungu kwa kutimiza masharti. Katika matumizi ya kawaida, hata hivyo, mtu huitwa mtumwa wa sheria kwa sababu tu masharti yake ni makali kuliko ya yule anayemwita hivyo. Makala haya yanadai kwamba ukali si kipimo cha kutosha.

Nakaloke, mji mdogo ulio kaskazini mwa Mbale, umo katika eneo lenye historia ndefu ya swali hili. Semei Kakungulu, Mprotestanti aliyeiweka nchi hii chini ya utawala wa Waingereza, alijiunga na Wamalaki, waliokataa tiba za hospitali na kuishika Sabato ya Jumamosi. Mwaka 1919 alitahiriwa. Husimuliwa kwamba alipoambiwa tohara ni ya Wayahudi, alijibu kuwa basi yeye ni Myahudi. Jumuiya ya Abayudaya iliyotokana naye ingali Nabugoye, nje ya Mbale. Kakungulu hakuwa akihesabu matendo ili aokoke. Aliona tu kwamba wamisionari walichagua amri za kufuata.

Walokole walianza upande mwingine kabisa. Walihubiri neema, nao waliona malimwengu ndani ya kanisa lenyewe. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao. Katika miaka ya 1960 Yona Mondo na wenzake, Abazukufu, walidai uamsho umelala, wakakemea mitindo ya mavazi na, zaidi ya yote, madeni. Sasa Walokole wenzao ndio waliowaona wamerudi chini ya sheria. Waliolaumiwa jana kwa ukali walilaumiwa leo kwa ulegevu!

Suala la deni lastahili kuangaliwa kwa makini, hasa Bugisu, ambako Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kimekuwapo tangu 1954 na ambako mkulima wa kahawa hungoja mavuno ndipo apate fedha. Anayekataa mkopo aweza kuwa anajilinda: mdaiwa hana uhuru wa kumkemea mdai wake, wala wa kushuhudia mbele yake. Hapo sharti linautumikia utakatifu. Lakini mama anapokopa ili mtoto atibiwe, kisha akatengwa na ushirika kabla hajasikilizwa, sharti limekwisha kuchukua nafasi ya neema.

Mshauri wa sera anayepeleka mikopo vijijini hana budi kuuliza kwanza waumini wanamtendeaje aliyevunja sharti. Wanaomsikiliza huweza kujadiliana, pengine wakakubali akiba pasipo riba. Wanaomtenga hawatabadilishwa na semina, na atakayeumia wa kwanza ni yule atakayekopa kwa siri.