Ng'ombe Hana Ugomvi na Mgeni

Sisi wa mijini ng'ombe tunamjua kwa kilo za buchani na kwa maziwa ya chai. Lakini ukishuka Sumbawanga na kushika njia ya kijijini kwenda kuwasalimu wazee, utamkuta ng'ombe mwenyewe, tena yeye ndiye mwenye njia.

Uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ni nchi ya majani. Iko ranchi ya Kalambo, yako makundi ya wafugaji, na mvua zinapoanza wako maksai wanaokokota plau mashambani. Inakuwaje basi mtoto wa miaka kumi awaongoze wanyama hao kwa fimbo tu, na mtu mzima atokaye mjini apigwe pembe?

Jibu ni kwamba mtoto yule anajua kumsoma ng'ombe. Aghalabu ng'ombe humdhuru mtu kwa sababu mbili: hofu, au kumlinda ndama wake. Wako wanaosingizia nguo nyekundu. Ukweli ni kwamba ng'ombe haioni vizuri rangi hiyo. Kinachomshtua ni nguo inayopeperuka.

Macho ya ng'ombe yako ubavuni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Ukimjia kwa nyuma kimya kimya, atakupiga teke kabla hajakujua. Mjie kwa ubavuni, karibu na bega, huku ukisema naye taratibu. Ukipewa kamba umshike, usiizungushe mkononi. Akikurupuka atakuburuta au kukukata vidole.

Hapana budi kuwa na hadhari zaidi na ng'ombe aliyezaa karibuni. Usipite kati yake na ndama, wala usimshike ndama ili upigwe picha. Fahali naye hutoa onyo: hukuonyesha ubavu, huinamisha kichwa, hukoroma na kuparua ardhi kwa kwato. Ukiyaona hayo, usikimbie na usimpe mgongo. Rudi nyuma polepole huku ukimtazama, ukielekea penye uzio au kichuguu. Kumbuka kwamba sehemu kubwa ya uwanda huo haina miti ya kukwea.

Kama una mbwa, ng'ombe wakikujia mwachie. Yeye ana mbio kukushinda, na mara nyingi wanamfuata yeye. Huko Uingereza, wengi wa watembea kwa miguu waliouawa na ng'ombe walikuwa na mbwa, au walikutana na ng'ombe wenye ndama.

Na wewe dereva wa barabara ya Tunduma, ukikuta kundi linavuka, simama. Usipige honi, wala usilipasue kundi. Mama akishavuka na ndama akabaki ng'ambo, atarudi mbele ya gari lako. Subiri ndama wa mwisho avuke.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kabla hujakatiza malishoni au kuingia zizini, muulize mchungaji: yupi mkali, yupi kazaa, nipite wapi? Pengine mchungaji huyo atakuwa mtoto mwenye umri wa mwanao. Usione haya. Siku hiyo yeye ndiye mwalimu, na akikwambia zunguka, zunguka.