Kibao cha Mbuzi ni Skuli ya Useremala

Katika Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba ni nadra jiko kukosa kibao cha mbuzi. Kwa kuwa kipo kila mahali, hakuna anayekitazama. Panapozungumzwa habari za ufundi wa kuchonga, hutajwa milango ya nakshi na makasha. Kiti hiki kifupi, ambacho mama zetu hukikalia wanapokuna nazi, husahauliwa. Leo twapenda kukisemea, kwani tunaamini kuwa ndani yake mna mafunzo makubwa ya useremala wetu.

Na tutazame kinavyotengenezwa. Fundi huchagua ubao mkavu, kwa mfano wa mfenesi, akakata vibao viwili. Cha kwanza ni kipana upande wa kukalia, nacho hupungua upana kwa mbele hata kikawa shingo. Cha pili ndicho cha kukisimamisha. Kazi yenyewe ipo pale vinapokutana: fundi hutoboa tundu kwa patasi, kibao kimoja kikapita ndani ya mwenzake, ili kiti kiweze kufunguliwa kikakaliwa, na kufungwa kikalala bapa ukutani. Tundu likizidi, kiti hutikisika. Likibana, ubao hupasuka siku ya kwanza ya kukaliwa.

Baada ya hapo hushika tezo akapachimba kidogo mahali pa kukalia, ili mwili utulie, na kuziviringa kingo zisiumize mapaja. Ndipo huja nakshi: maua, nyota na mistari, ambayo fundi mwenye busara huichonga pembezoni wala haizamishi mno, isije ikamkera mkaaji. Kisha hukilainisha kwa msasa. Zamani yalitumika majani makavu ya mti uitwao msasa, na karatasi ya leo imerithi jina hilo. Mwisho hutiwa ulimi wa chuma wenye meno, ukaelekea juu kidogo mbele ya shingo. Kiti hiki hakifungwi sakafuni kwa kitu chochote. Uzito wa mkaaji ndio nanga yake. Kwa hiyo vipimo vyote, vya kimo, vya shingo na vya mahali pa kukalia, hutokana na mwili wa mtu na kazi aifanyayo.

Sisi tuliopitia chuoni twayajua marufaa yanayobeba msahafu, nayo pia hufunguka na kufungwa kwa ubao kupishana na ubao. Atakayejifunza kukadiria tundu la kibao cha mbuzi amekwisha kuanza safari ya kuunga fremu ya dirisha na mlango. Tena hujifunza kwa kipande kidogo cha mbao, ambacho kikiharibika hasara yake si kubwa. Samaki mkunje angali mbichi.

Kazi hii sasa inakabiliwa na mambo mawili. La kwanza ni mashine za kukunia nazi zilizopo masokoni. Hatuzilaumu, kwani zimempunguzia mwanamke taabu, na hakuna mwenye haki ya kumrudishia mzigo alioutua. La pili ndilo linalotusikitisha: vibao vinavyotengenezwa kwa ajili ya mgeni kutundika ukutani. Nakshi yake ni nyingi, lakini maungo yamepigwa misumari, na shingo haiwezi kuhimili nazi moja. Kijana anayejifunza kwa kazi ya namna hii anajifunza kupamba kabla ya kujua kuunga.

Jambo hili si la jikoni peke yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Nyumba za mji huu zina milango, madirisha na ngazi za mbao, na kuzitengeneza kwahitaji mikono inayojua kuunga mbao. Fedha zaweza kuombwa ng'ambo. Mikono hiyo haina budi kulelewa hapa.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wanaohusika wayazingatie mambo matatu. Kwanza, vituo vya mafunzo ya amali viwaite mafundi wazee wafundishe kwa malipo, hata kama hawana cheti. Pili, wasimamizi wa misitu, ambao mamlaka yao yanatokana na Sheria namba 10 ya mwaka 1996, wahimize upandaji wa miti ya mbao mashambani, kwani fundi asiye na mbao halali hubaki na ujuzi mikononi bila ya kazi. Tatu, ofisi zinaponunua viti na meza zianze kumtazama seremala wa hapa.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Tunapokwenda kununua kibao cha mbuzi, tukigeuze chini juu, tukifungue na kukifunga, tutazame maungo yake kabla ya nakshi. Tukikuta kazi safi, tusimpunje fundi jasho lake. Na tukimwona kijana amekaa pembeni mwake akishika patasi, basi tumwachie kijana huyo ajifunze, wala tusimwite mtu aliyekosa kazi ya maana.